Rejeta iliyotolewa hewa mara 14: uchambuzi wa kisa cha mfumo wa kupasha nyumba joto

Kwa nini kisa hiki

Rejeta ya nyumbani, yaani bamba la chuma linalopitisha maji ya moto ili kupasha chumba, inapopata joto chini na kubaki baridi juu, mtu aliyezoea kuishi na mfumo wa kupasha nyumba kwa maji ya moto hujua la kufanya. Huchukua ufunguo mdogo, hulegeza skrubu iliyo kwenye kona ya juu, husikiliza hewa ikitoka kwa mlio mwembamba, kisha hufunga maji yanapotokea. Kazi hiyo, ambayo mafundi tumezoea kuiita kutoa upepo, ni sahihi na ina mahali pake. Kisa ninachokieleza hapa ni cha nyumba ambamo ilifanywa mara 14 katika wiki 10, mara nyingi kwa uangalifu, na kila ilipofanywa ikaurudisha ugonjwa uleule iliokusudiwa kuuondoa.

Mimi nilikuwa fundi wa pili kuitwa. Baadhi ya makosa nitakayoyataja ni yangu, na nimeyaeleza kwa urefu kwa sababu naamini fundi mwingine angeweza kuyafanya kesho. Mambo yanayoweza kuwatambulisha wenye nyumba na fundi aliyenitangulia nimeyaondoa.

Nyumba na mfumo wake

Nyumba ina sehemu ya chini na ghorofa moja juu yake, na ina rejeta 9 za bamba la chuma zilizotundikwa ukutani: 5 chini na 4 juu. Boila, yaani mtambo wa kupasha maji, imefungwa katika stoo ndogo ya chini, pamoja na pampu, geji ya presha, vali ya usalama na tangi la mtanuko la lita 12. Mfumo ni wa aina iliyofungwa, yaani hauna tangi la wazi darini. Maji yaleyale huzunguka mwaka hadi mwaka, na maji mapya huingia pale tu mtu anapofungua koki ya kujazia. Kwa kukadiria ukubwa wa rejeta na urefu wa mabomba, mfumo mzima ulikuwa na lita 100 hivi za maji.

Msomaji ashike mambo mawili kuhusu mfumo wa namna hii, kwa kuwa kisa chote kimesimama juu yake. La kwanza ni kimo. Geji husoma presha ya mahali ilipo, si ya ghorofani. Safu ya maji yenye kimo cha mita 10 hukandamiza kwa takriban bari 1 (bari ni kipimo cha presha), kwa hiyo kila mita moja ya kupanda hupunguza karibu bari 0.1. Katika nyumba hii kichwa cha rejeta ya juu kabisa kilikuwa mita 5 juu ya geji. Maana yake ni kwamba geji ikisoma bari 1.5, rejeta ile ilikuwa na bari 1 tu. Geji ikisoma 0.5, rejeta ile haikuwa na presha yoyote zaidi ya ile ya hewa ya chumbani. Na geji ikishuka chini ya hapo, rejeta ile ilikuwa inavuta badala ya kusukuma.

La pili ni mtanuko. Maji yanapopashwa kutoka nyuzi 10 hadi nyuzi 80 za Selsiasi hutanuka kwa karibu asilimia 3, na maji hayakubali kubanwa, hivyo katika lita 100 lazima zipatikane karibu lita 3 za nafasi. Nafasi hiyo hutolewa na tangi la mtanuko, chombo cha chuma kilichogawanywa ndani kwa kiwambo cha mpira: upande mmoja una maji, upande wa pili una hewa iliyojazwa kwa vali kama ya tairi la gari. Maji yakitanuka, hewa hubanwa. Yakipoa, hewa huyarudisha maji kwenye mabomba. Tangi likiwa zima, geji hupanda na kushuka kwa kiasi kidogo. Likiwa limekufa, presha hupanda hadi vali ya usalama, ambayo katika mifumo ya nyumbani kwa kawaida hufunguka kwenye bari 3, imwage maji nje.

Kuhusu historia, mfumo ulikuwa na umri wa miaka 11. Misimu miwili ya baridi kabla ya kisa, rejeta ya sebuleni ilibadilishwa, mfumo ukamwagwa wote na kujazwa maji mapya ya bomba. Dawa ya kuzuia kutu haikuwekwa wakati huo.

Mtiririko wa matukio

Mwanzoni mwa msimu wa baridi mwenye nyumba, mama aliyezoea kufanya kazi ndogo za nyumba kwa mikono yake, aliona rejeta ya chumba cha kulala cha ghorofani ikiwa baridi juu. Aliitoa hewa jioni mfumo ukiwa moto, ikatoka kwa mlio wa kawaida, maji yakafuata, na rejeta ikashika joto. Siku 9 baadaye hali ilirudi ileile. Safari hii aliona pia geji ikisoma 0.6, akafungua koki ya kujazia hadi ikafika 1.5. Kuanzia hapo akawa anaandika kwenye kalenda ya ukutani: X siku ya kutoa hewa, M siku ya kuongeza maji, na mara nyingi namba ya geji ya asubuhi. Kalenda hiyo ndiyo iliyotuokoa sote, lakini mimi niliichelewa.

Kufikia wiki ya tano alama za X zilikuwa zimekaribiana kiasi cha kumchosha, akamwita fundi. Fundi wa kwanza alikuta doa jeusi chini ya skrubu ya kutolea hewa, akahukumu kwamba skrubu ile haifungi sawasawa, akaibadilisha. Akashauri pia kwamba presha, mfumo ukiwa baridi, iwekwe bari 2 ili mfumo ukae muda mrefu kabla ya kuhitaji maji tena. Ushauri huo una mantiki yake usoni: kama kitu kinapungua, anza na kingi. Matokeo yakawa kinyume. Nafasi kati ya X na X ilikuwa wiki moja. Ikawa siku 3 au 4.

Katika wiki ya nane boila ilikataa kuwaka asubuhi moja kwa sababu ya upungufu wa presha. Mama alipanda ghorofani, akafungua skrubu, akaweka kikombe chini yake na kungoja maji. Alisikia sauti ya hewa na akaamini inatoka. Baada ya dakika kama 10 maji yalikuwa hayajaja, na ndipo aliponipigia simu.

Karatasi kwenye tundu la skrubu

Nilipofika geji ilikuwa 0.3. Nilipanda chumbani na kuinama karibu na rejeta. Sauti ilikuwepo, lakini haikuwa ule mlio mkali wa hewa inayosukumwa. Ilikuwa ya chini na ya mfululizo, kama ya mtu anayevuta pumzi kwa meno yaliyofumbatwa. Nilichana kipande cha karatasi laini ya kufutia mikono, upana wa kidole, nikakishikilia mbele ya tundu. Badala ya kupeperuka nje, kikajikunja kuelekea tunduni na kukwama hapo. Nilipokiachia hakikuanguka. Mama alikitazama kwa muda kisha akasema, "Kumbe nilikuwa naiongezea hewa, fundi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa bari 0.3 kwenye geji na mita 5 za kimo, kichwa cha rejeta ile kilikuwa karibu bari 0.2 chini ya presha ya chumba. Kila sekunde skrubu iliyokaa wazi iliingiza hewa, na hewa hiyo ikasambaa hadi rejeta zote 4 za juu zikawa na mkoromo.

Nilifunga skrubu, nikajaza maji hadi 1.5, nikatoa hewa kwenye rejeta zote nikianzia chini na kumalizia juu, nikajaza tena. Kwenye shina la koki ya rejeta ya chumbani niliona ukoko mweupe, alama kwamba maji hupita pale kidogo kidogo, nikakaza nati yake. Kisha nikawasha boila. Mabomba yalipoanza kupata uvuguvugu geji ilisoma 2.0. Nikaridhika. Nilimwambia mama kwamba yaelekea kuna mvujo mahali fulani, labda chini ya sakafu ya mbao ya ghorofani ambako mabomba yamepita, na kwamba tatizo likirudi itabidi tuifungue sakafu. Nikaondoka.

Hilo ndilo kosa langu kubwa katika kisa hiki. Laiti ningengoja nusu saa zaidi, hadi maji yafike joto lake la kawaida, ningeuona ugonjwa wenyewe kwa macho yangu.

Uamuzi kuhusu sakafu

Siku 5 baadaye geji ilikuwa 0.5 na rejeta ya chumbani ilikuwa baridi juu. Niliporudi mama alikuwa tayari ameondoa zulia na kusogeza vitanda. "Vunja tu, fundi," alisema, "nimechoka." Ingekuwa rahisi kuvunja, na ningelipwa kwa kazi hiyo. Kilichonizuia ni kalenda, ambayo safari hii niliisoma kwa kituo, nikiwa nimesimama mbele yake.

Katika wiki za mwanzo namba za asubuhi zilishuka polepole baada ya kila M: 1.3, 1.1, 0.9, 0.6. Mtu angesema ni mvujo. Lakini kuanzia wiki ya sita mtindo ulibadilika kabisa. Asubuhi ya siku iliyofuata kila M, geji ilikuwa tayari 0.5 au 0.4, kisha ikabaki hapo siku baada ya siku bila kushuka zaidi. Bomba linalovuja halifanyi hivyo. Haliangushi presha yote kwa usiku mmoja kisha likapumzika. Na ile namba yenyewe, 0.5, ilikuwa sawasawa na kimo cha mita 5: ni pale ambapo rejeta ya juu inakuwa sawa na hewa ya chumba. Kitu kilikuwa kinamwaga maji kwa mkupuo, kisha hewa ikiingia juu hadi mizani ikae.

"Mama, tusiiguse sakafu kwanza," nilimwambia. "Nipe usiku mmoja." Tulikubaliana kupima mambo mawili kwa utaratibu, kila moja peke yake.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha mvujo. Mfumo ukiwa baridi tuliujaza hadi 1.5, tukatoa hewa, tukafunga koki ya kujazia na kuchomoa mpira wake kabisa ili usitudanganye kwa kuingiza maji kimyakimya. Boila ilizimwa kwa saa 14. Asubuhi sindano ilikuwa palepale. Matokeo hayo yana uzito kuliko yanavyoonekana, kwa sababu mfumo usio na hewa ya kutosha ndani ya tangi hauna mto wowote wa hewa wa kuficha upungufu; maji kidogo tu yangevuja, sindano ingeanguka. Sakafu ikaondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Kipimo cha pili kilikuwa cha joto. Niliweka ndoo tupu chini ya mdomo wa bomba la vali ya usalama kule nje. Ninasema niliweka ndoo chini yake. Bomba hilo kamwe halifungwi wala kuzibwa, hata kwa dakika moja, kwa maana ndilo njia ya mwisho ya kuokoa boila. Kisha tukawasha, mimi nikiwa mbele ya geji na kalamu mkononi. Maji yakiwa nyuzi 16 geji ilisoma 1.5. Kwenye nyuzi 30 ilikuwa 2.2. Kwenye nyuzi 40 sindano iligusa 3, na kutoka nje tukasikia maji yakianza kudondoka kwenye ndoo, kisha yakitiririka. Mfumo ulipofika nyuzi 75 ndoo ilikuwa na lita 1.7 za maji ya kijivu. Baridi ya nje ilikuwa imewazuia watu wa nyumba hiyo kuzunguka upande ule, na ardhi ya pale ilikuwa ya kokoto; hakuna aliyewahi kuona dimbwi.

Tangi, na maamuzi yaliyofuata

Tulizima na kungoja mfumo upoe. Kuna majaribu ya kupima hewa ya tangi palepale kwa geji ya tairi, lakini namba inayopatikana wakati upande wa maji una presha haina maana, kwa sababu maji yanakisukuma kiwambo na geji husoma presha ya mfumo. Nilishusha presha ya maji hadi sifuri kwanza. Kisha nikafungua kifuniko cha vali ya hewa na kubonyeza kipini chake kwa ncha ya bisibisi. Kama ingetoka hewa kidogo na kuisha, ningejaza kwa pampu na kungoja kuona kama itakaa. Yalitoka maji, kwanza matone, kisha mchirizi mweusi uliopita kidoleni. Kiwambo kilikuwa kimechanika. Tangi la namna hiyo haliponi kwa kujazwa hewa, kwa hiyo tuliamua kulibadilisha.

Tangi jipya nililipima kabla ya kulifunga, wakati bado ni jepesi na halijaguswa na maji. Niliweka hewa yake kwenye bari 0.8: bari 0.5 kwa ajili ya kimo cha nyumba, na 0.3 za ziada ili juu pasije pakakosa presha. Namba iliyowekwa kiwandani si lazima iwe namba inayoifaa nyumba fulani, na kazi ya dakika 2 kabla ya kufunga inakuwa kazi ya nusu siku baada ya kufunga.

Vali ya usalama pia tuliibadilisha, ingawa ilikuwa imetenda kazi yake kwa uaminifu. Vali iliyofunguka mara nyingi na kupitisha maji yenye chembe za kutu huweza kushindwa kukaa sawasawa kwenye kiti chake, na ikianza kudondoka tungerudi kwenye fumbo lilelile kwa mlango mwingine.

Likabaki suala la maji. Nilichota kidogo kwenye gilasi, yakaonekana kama wino uliotiwa maji. Nilipogusisha sumaku ubavuni mwa gilasi, weusi ule ulijikusanya ukutani na kuifuata sumaku kila nilikoipeleka. Hiyo ni oksidi nyeusi ya chuma, yaani mwili wa rejeta zenyewe ukiliwa na kurudi kama tope. Rejeta ya sebuleni, ambayo ilikuwa moto juu na baridi katikati ya chini, haikuwa na hewa hata kidogo; ilikuwa na tope hilo, na kuitoa hewa kusingeisaidia. Tuliishusha, tukaisukutua nje hadi maji yakatoka safi, tukasafisha mfumo mzima, tukafunga kichujio chenye sumaku kwenye bomba la kurudia boila, na tukaweka dawa ya kuzuia kutu kwa kipimo cha lita zote 100.

Matokeo

Mfumo ulijazwa hadi 1.2 ukiwa baridi. Kwenye nyuzi 75 geji ilisoma 1.9, na ndoo iliyoachwa nje ilibaki kavu. Siku ya tatu rejeta ya chumbani ilitoa hewa kwa sekunde chache, jambo la kutarajiwa kwa sababu maji mapya yana hewa iliyoyeyuka ndani yake na huiachia yanapopata joto. Siku ya 10 ilitoa kidogo sana. Wiki ya nne yalitoka maji moja kwa moja. Mama aliendelea kuandika kwenye kalenda hadi mwisho wa baridi; geji ya asubuhi ilikuwa 1.2, kisha 1.1 katika wiki za mwisho, na hakukuwa na M nyingine. Vyumba vya juu vilipata joto sawa na vya chini.

Uchambuzi: hewa ilitoka wapi

Swali ambalo kila mtu alipaswa kuliuliza mapema, mimi nikiwemo, ni hili: hewa inayotolewa leo na kurudi baada ya siku 4, inaingia kwa njia gani katika mfumo uliofungwa? Kuna majibu matatu yanayowezekana, na ukubwa wake unaweza kukadiriwa.

La kwanza ni hewa iliyokuja imeyeyuka katika maji ya kujazia. Lita moja ya maji baridi ya bomba hubeba mililita 20 na kidogo za hewa. Kalenda ilikuwa na M 11, ambazo kwa kipimo cha ndoo ni lita 20 hivi kwa wiki 10. Hewa yake yote haifiki hata nusu lita. Rejeta ya chumbani pekee, ilipokuwa baridi katika robo yake ya juu, ilikuwa na zaidi ya lita moja ya hewa kwa mara moja. Jibu hili halitoshi.

La pili ni hidrojeni. Chuma kinapoliwa ndani ya maji yasiyo na oksijeni hugeuka oksidi nyeusi na kuachia gesi ya hidrojeni, na kwa hesabu ya kemia gramu 1 ya chuma iliyoliwa hivyo huzaa zaidi ya nusu lita ya gesi. Hivyo mfumo wenye tope jeusi unaweza kujaza gesi juu ya rejeta bila hewa ya nje kuingia kabisa, na gesi hiyo huwaka. Kuna mafundi waliozoea kuijaribu kwa njiti ya kiberiti, jambo ambalo silifanyi wala sishauri lifanywe ndani ya nyumba ya mtu. Katika kisa hiki hidrojeni huenda ilichangia, lakini haiwezi kuishusha geji hadi 0.5 kwa usiku mmoja.

La tatu ndilo lililobeba mzigo. Kila mara mfumo ulipojazwa na kupashwa, vali ya usalama ilitupa nje karibu lita 1.7. Usiku maji yalipopoa na kusinyaa, pengo la maji yaliyotupwa lilitafuta kujazwa, presha ya ghorofani ikashuka chini ya ile ya chumba, na hewa ikaingia polepole kupitia shina la koki lenye ule ukoko mweupe. Nati inayozuia maji yasitoke haizuii kila mara hewa isiingie. Asubuhi geji ilitulia kwenye 0.5, na ghorofani kulikuwa na lita moja na zaidi ya hewa mpya.

Hapa ndipo pana jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa. Ile hewa iliyonaswa juu ya rejeta, mbaya kama ilivyokuwa, ilikuwa imeshika kazi ya tangi lililokufa. Maji yalipotanuka yaliibana hewa hiyo, kwa hiyo baada ya usiku wa kwanza vali ya usalama haikulazimika kufunguka tena. Mfumo ulikuwa umejipatia mto, ukiwa na rejeta moja baridi kama gharama yake. Kila X kwenye kalenda iliondoa mto huo, kila M ikajaza nafasi yake kwa maji, na usiku uleule maji hayo yakatupwa nje na hewa ikarudi. Mama alikuwa akitenda lililo sahihi kwa rejeta na lililo baya kwa mfumo. Ushauri wa kuanza na bari 2 uliharakisha mzunguko kwa sababu ulipunguza umbali wa kufikia 3. Na kila lita mpya ilileta oksijeni ya kula chuma.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kalenda ilifaa kuliko kifaa chochote nilichokuwa nacho kwenye sanduku. Namba moja ya geji haisemi kitu. Namba ya baridi na namba ya moto za siku moja, zikiwekwa pamoja, zingetaja tangi tangu wiki ya pili. Fundi wa kwanza hakuiomba kalenda, nami niliiona siku ya kwanza nikaipita.

Kutenganisha kipimo cha baridi na kipimo cha joto kulifaa pia. Vingefanywa kwa pamoja, presha ingeshuka, na sisi tungebaki tunabishana kuhusu sakafu.

Kilichoshindikana waziwazi ni ziara yangu ya kwanza. Karatasi ilinionyesha kwamba juu kunavuta, nikatibu kuvuta kwa kujaza maji, bila kuuliza maji yaliyokuwepo yalikwenda wapi. Dhana ya mvujo ilinijia haraka kwa sababu ndiyo iliyozoeleka, na nilikaribia kuisababishia familia hasara ya sakafu kwa dhana ambayo sikuwa nimeipima.

Mama aliniuliza kama isingefaa kufunga vali inayojitoa hewa yenyewe kwenye rejeta ya chumbani, apumzike na ufunguo. Nilikataa, na bado nadhani nilikuwa sahihi. Vali hiyo hutoa hewa pale tu ndani kunaposukuma. Kunapovuta, nyingi huruhusu hewa iingie kwa njia ileile. Isitoshe, ingetuondolea dalili pekee iliyokuwa ikituita.

Namna kazi yenyewe ilivyopaswa kufanywa

Kwa kuwa wasomaji wengi watakuwa na ufunguo mkononi kuliko kuwa na pampu ya tangi, naeleza utaratibu niliomwachia mama. Boila na pampu vizimwe, mfumo upoe, kwa sababu maji ya nyuzi 70 yakiruka kwenye mkono huunguza na pampu inayozunguka huweza kuvuta hewa katika sehemu fulani za mfumo. Geji isomwe kabla ya kugusa skrubu yoyote, na kimo cha rejeta ya juu kijulikane: ikiwa kimo ni mita 5 na geji iko 0.5 au chini yake, skrubu isifunguliwe hadi maji yaongezwe. Koki zote za rejeta ziwe wazi. Kazi ianzie chini na kuishia juu, kitambaa kikiwa chini ya skrubu, na skrubu ilegezwe robo au nusu mzunguko tu. Ikitolewa yote ni vigumu kuirudisha maji yakiwa yanaruka, na maji meusi huacha doa ukutani lisilotoka kirahisi. Pale ambapo kuna shaka kama hewa inatoka au inaingia, kipande cha karatasi hujibu kwa sekunde moja. Mwishoni geji irudishwe kati ya 1 na 1.5 mfumo ukiwa baridi, koki ya kujazia ifungwe, tarehe iandikwe, na geji isomwe tena siku hiyohiyo baada ya mfumo kufika joto lake lote.

Shina la koki ya rejeta ya chumbani bado lina ukoko wake. Nati niliikaza, lakini pakingi ya ndani ni ya zamani, na tumekubaliana nitaibadilisha mfumo utakapozimwa, siku ileile nitakapopima hewa ya tangi jipya.